Ugonjwa wa Akili na Matumizi ya Vilevi kama Vihatarishi vya Kujiua: Mtazamo kutoka Tabora na Njia ya Zamani ya Misafara

Ikisiri

Makala haya yanafafanua nafasi ya ugonjwa wa akili na matumizi ya vilevi miongoni mwa vihatarishi vya kujiua, yakianzia Tabora na njia ya zamani ya misafara iliyounganisha Bagamoyo na Ujiji. Data zimetokana na usomaji wa maandiko: simulizi za wasafiri wa karne ya 19, tafiti za kitabibu, sheria, na istilahi za afya ya akili katika Kiswahili. Makala yanadai kwamba uhusiano baina ya vihatarishi hivi na kujiua umethibitika, lakini kipimo chake hutegemea kile ambacho ndugu, mganga na mgonjwa mwenyewe wanaweza kukisema bila kuogopa. Kwa Tabora, sharti hilo bado halijatimia.

1.0 Utangulizi: tukio la Kasekera

Mwaka 1873 msafara wa Luteni Verney Lovett Cameron uliwasili Unyanyembe, ukiwa umetumwa kumtafuta na kumsaidia David Livingstone. Waingereza watatu waliofika, yaani Cameron mwenyewe, daktari wa jeshi la majini Walter Edward Dillon na Luteni Cecil Murphy, walikaa Kwihara, nje kidogo ya Tabora, kwa miezi kadhaa wakisumbuliwa na homa iliyowaachia na kuwarudia. Mwezi Oktoba ziliwafikia habari kwamba Livingstone amekwisha kufariki, na punde mwili wake ukafikishwa Kwihara na wahudumu wake, Susi na Chuma wakiwa miongoni mwao. Dillon na Murphy waliamua kurejea pwani pamoja na mwili huo. Siku chache baada ya kuagana na Cameron, Dillon, akiwa hoi kwa maradhi, alijiua mahali palipoandikwa Kasekera. Ilikuwa Novemba 1873.

Simulizi tunayoisoma leo ni ya Cameron, aliyeichapisha mwaka 1877, naye aliona kwamba homa ndiyo iliyomvuruga rafiki yake akili. Maelezo hayo yanaaminika, kwani weweseko la homa kali ni hali halisi ya kitabibu. Hata hivyo, mtafiti wa leo akilichukua tukio hili kama faili mezani pake hatalifunga upesi. Dillon alikuwa mgonjwa wa mwili kwa muda mrefu. Lengo la safari yake lilikuwa limekufa pamoja na mtu aliyetumwa kumwokoa. Alikuwa mbali na kwao, na alikuwa daktari anayejua vyema dalili zake zilikuwa zikielekea wapi. Kuandika "homa" katika safu ya sababu ni kusema jambo la kweli huku mambo mengine matatu au manne yakiachwa nje ya karatasi.

Ulinganisho na msafiri mwingine unasaidia. John Hanning Speke alifika Kazeh, jina la zamani la Tabora katika maandiko ya wasafiri, pamoja na Richard Burton mwezi Novemba 1857. Alifariki Uingereza tarehe 15 Septemba 1864 akiwa mawindoni, katika mkesha wa mjadala uliopangwa kumkutanisha na Burton kuhusu chanzo cha mto Nile. Uchunguzi rasmi uliamua kwamba kilikuwa kifo cha ajali. Minong'ono kwamba alijiua haikukoma, ingawa uamuzi huo haujawahi kutenguliwa. Wa kwanza ameingia katika orodha ya waliojiua na wa pili hakuingia. Kila takwimu ya kujiua imejengwa juu ya maamuzi ya namna hii, na mara nyingi yakifanywa na watu wenye ushahidi mdogo kuliko uliokuwapo katika kesi hizi mbili.

2.0 Ushahidi wa dunia na mipaka yake

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 727,000 walikufa kwa kujiua mwaka 2021. Asilimia 73 ya vifo hivyo vilitokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua kulikuwa sababu ya tatu ya vifo. Msomaji azingatie kitenzi "linakadiria". Nchi nyingi za Afrika hazina usajili kamili wa vifo unaotaja sababu, hivyo tarakimu za nchi hizo hutokana na ukokotozi zaidi kuliko kuhesabu.

Swali la nafasi ya ugonjwa wa akili na ulevi ni la zamani. Émile Durkheim, katika kitabu chake cha mwaka 1897, alianza kwa kuvipitia viwili hivyo na kuvikataa vyote kama maelezo ya tofauti za viwango vya kujiua baina ya jamii. Kwake, mzizi ulikuwa katika namna jamii inavyomfunga mtu kwake au inavyomwachia. Katikati ya karne ya 20 madaktari walirudi na jibu tofauti. Eli Robins na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1959 kuhusu mji wa St. Louis, Marekani, waliwahoji ndugu na watu wa karibu wa waliojiua, wakagundua kwamba wengi mno walikuwa na ugonjwa wa akili, hasa sonona na ulevi wa kupindukia. Njia hiyo, ambayo hapa itaitwa uchunguzi wa kisaikolojia baada ya kifo, imerudiwa katika nchi nyingi. Mapitio ya Cavanagh na wenzake (2003) yalionesha kwamba takribani asilimia 90 ya waliojiua katika tafiti hizo walikuwa na ugonjwa wa akili unaotambulika.

Asilimia 90 imenukuliwa mno hata imekuwa kama methali. Lakini Phillips na wenzake (2002), walipofanya uchunguzi wa aina hiyo nchini China, walipata asilimia 63. Je, Wachina hujiua kwa sababu tofauti, au ndugu zao hujibu maswali kwa namna tofauti? Yawezekana yote mawili ni kweli, na njia yenyewe haina uwezo wa kuyatenganisha. Aliyekufa haulizwi. Anayeulizwa ni mjane, kaka au jirani, naye hukumbuka yaliyopita huku akijua mwisho wake.

Vilevile, kihatarishi si kisababishi. Tafiti zinakadiria kwamba takribani asilimia 5 ya watu wenye skizofrenia hufa kwa kujiua. Kiwango hicho ni cha juu sana kikilinganishwa na cha watu wengine, na bado takribani 95 katika kila 100 hawafi hivyo. Mapitio ya Darke na Ross (2002) yalionesha kwamba watumiaji wa heroini wako katika hatari ya kujiua mara 14 zaidi ya wenzao wa rika moja. Sonona, inayowapata watu wengi zaidi, huchangia vifo vingi zaidi, ingawa wagonjwa wake walio wengi hupona au huishi nayo. Kauli kwamba "alijiua kwa sababu alikuwa na ugonjwa wa akili" kwa hiyo haijakamilika. Haielezi kwa nini mtu huyu na si yule, wala kwa nini wiki hii na si mwaka jana.

Pombe inahitaji maelezo ya peke yake kwa kuwa huingia kwa milango miwili. Mlango wa kwanza ni wa muda mrefu: mtu hupoteza kazi, ndoa na imani ya majirani, na ubongo uliozoea kilevi huzama katika huzuni. Mlango wa pili ni wa saa chache. Ulevi wa usiku mmoja hupunguza uwezo wa mtu kujizuia na kuona mbali, hata kama mtu huyo si mraibu. Ugomvi wa nyumbani ambao asubuhi yake ungesuluhishwa na wazee hukutana na akili iliyofungiwa katika dakika ile moja. Ndiyo maana sera za pombe zimeweza kugusa viwango vya kujiua kwa nchi nzima. Kampeni ya Mikhail Gorbachev dhidi ya ulevi, iliyoanza mwaka 1985 katika Umoja wa Kisovyeti, iliambatana na kushuka kwa kiasi kikubwa kwa vifo vya kujiua, hasa vya wanaume. Nako Sri Lanka vifo hivyo vilipungua sana baada ya serikali kupiga marufuku viuatilifu vyenye sumu kali, pasipo ushahidi kwamba sonona ilikuwa imepungua nchini humo. Durkheim angeifurahia mifano hii kwa sababu zake, na madaktari kwa zao.

3.0 Vilevi na kuvunjika moyo katika njia ya misafara

Je, Tabora ina nafasi gani katika maelezo hayo? Katika mkusanyiko wa Paul Bohannan wa mwaka 1960 kuhusu mauaji na kujiua barani Afrika, Afrika Mashariki inawakilishwa na jamii za Uganda na magharibi mwa Kenya. Wanyamwezi hawamo. Tafiti za Tanzania zilizofuata zilijikita zaidi Dar es Salaam, kwa mfano ule wa Ndosi na Waziri (1997) kuhusu watu waliojaribu kujiua na ule wa Mgaya na wenzake (2008) kuhusu vifo vya mwaka 2005. Pengo hilo linalazimisha kurudi kwenye maandiko ya misafara, kwa tahadhari zote zinazostahili.

Maandiko hayo yana jambo moja zito. Livingstone, akiwa Manyema, upande wa magharibi wa ziwa Tanganyika, aliandika katika shajara yake kuhusu maradhi aliyoyaona kuwa ya ajabu kuliko yote aliyokutana nayo. Watu waliozaliwa huru, wakatekwa na kufanywa watumwa, walikuwa wakifa bila ugonjwa unaoonekana. Walivumilia hadi walipovushwa mto Lualaba na kuona kwamba hawana njia ya kurudi. Walipoulizwa maumivu yako wapi, waliweka mkono juu ya moyo. Livingstone aliita hali hiyo kuvunjika moyo. Si kujiua kwa maana ya sheria, na itakuwa kosa kuwabandikia watu hao jina la ugonjwa baada ya miaka 150. Lakini ni ushuhuda kwamba kukata tamaa kunakoua kulijulikana katika njia hii, na kwamba chanzo chake kilikuwa mnyororo shingoni. Wale waliookoka walipita Unyanyembe wakielekea pwani.

Kuhusu vilevi, Burton na wasafiri wengine waliandika juu ya pombe ya nafaka na uvutaji wa bangi katika Unyamwezi. Maelezo yao yamejaa dharau, na mara nyingi mwandishi anayemlaumu mpagazi kwa kunywa ndiye huyo huyo aliyemtwisha mzigo wa ratili sitini na zaidi kwa miezi mitatu. Kinachoweza kuchukuliwa ni kwamba pombe ilikuwa na mahali na wakati wake: mavuno, harusi, msafara unapowasili. Misitu ya miombo ya Tabora inatoa asali inayosifika nchini, na kutokana na asali hupikwa wanzuki. Unywaji wa pamoja, chini ya macho ya wakubwa, haukuwa na sura ileile ya unywaji wa peke yake.

Leo sura hiyo imebadilika. Pembeni mwa wanzuki kuna gongo, ambayo sheria ya mwaka 1966 iliiita "moshi" na kuipiga marufuku, na ambayo haijaacha kupikwa. Palikuwapo pia pombe kali za viroba, zilizouzwa kwa bei ambayo hata mwanafunzi aliimudu, hadi serikali ilipozizuia kuanzia tarehe 1 Machi 2017. Kwa wakulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua na Sikonge, fedha hufika kwa mkupuo baada ya masoko, huku madeni ya pembejeo yakisubiri fedha hizohizo. Bangi ipo, na ushahidi unaihusisha na magonjwa ya saikosisi kwa wanaoanza mapema na kuvuta sana, ingawa uhusiano wake na kujiua haujathibitika kwa uzito ule wa pombe. Heroini imeandikwa zaidi kuhusu pwani, na tiba ya methadoni ilianzia Hospitali ya Taifa ya Muhimbili mwaka 2011. Mtu wa Tabora anayejadili uraibu akianzia heroini atakuwa amelipita tatizo lililo mlangoni pake.

Historia ya matibabu nayo inaigusa biashara ya watumwa. Lutindi, katika milima ya Usambara, ilianzishwa na wamisionari wa Kijerumani mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 ikageuzwa kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mirembe ya Dodoma ilifuata mwaka 1927. Kwa mgonjwa wa Tabora, kupelekwa Mirembe kulimaanisha kupanda treni kuelekea mashariki, karibu sawasawa na njia ya misafara, na kurudi na jina jipya. Katika Kiganda neno "mirembe" humaanisha amani. Katika Kiswahili cha mitaani, kumwambia mtu kwamba ametoka Mirembe ni kumtukana.

4.0 Maneno yanayoficha na yanayofichua

Kiswahili sanifu kina "sonona" kwa ugonjwa wa huzuni, "uraibu" kwa utegemezi wa kilevi, na "msongo wa mawazo". Istilahi hizi ni nzuri, lakini si maneno ambayo mgonjwa huja nayo zahanati. Mgonjwa husema ana mawazo. Husema moyo unamwenda mbio, kichwa kinamuwaka, usingizi haupati. Sylvia Kaaya na wenzake walilitambua jambo hili walipochapisha mwaka 2008 hojaji ya vipengele 19 ya kutambua sonona, iliyotengenezwa nchini badala ya kutafsiriwa.

Neno "mawazo" linastahili kutazamwa kwa karibu. Hubeba wasiwasi wa kawaida na hubeba sonona kali, na msikilizaji hana njia ya kujua ni lipi kati ya hayo mpaka aulize zaidi. Tena, neno hilohilo ndilo linaloelekeza kwenye kilabu. Mtu mwenye mawazo hushauriwa na wenzake, kwa nia njema kabisa, akanywe kidogo "apoteze mawazo". Vihatarishi viwili ambavyo fasihi ya kitabibu huvitenga katika safu mbili, ugonjwa wa akili na kilevi, katika mazungumzo ya kila siku ni tatizo na dawa yake. Hojaji inayouliza kuhusu pombe katika ukurasa mmoja na huzuni katika ukurasa mwingine hukata fundo ambalo msemaji amelifunga.

Kuna pia usemi "malaria imempanda kichwani". Malaria ya ubongo ni ugonjwa hatari na wa kweli, na Tabora ni eneo la malaria. Lakini usemi huu hutumika mbali zaidi ya hapo, kwa kila mtu aliyebadilika ghafla tabia, akasema peke yake au akajidhuru. Ni usemi wenye huruma, kwani humwondolea mgonjwa lawama na kumpa maradhi yasiyo na aibu. Cameron alimfanyia Dillon hivyohivyo. Mwandishi wa makala haya alikulia Tabora mjini, na anakumbuka msiba mmoja wa jirani, kijana aliyekuwa amekunywa kwa miaka mingi na kunyamaza kwa miezi mingi. Msibani ilitangazwa kwamba aliugua ghafla. Watu wazima wote walijua, nasi watoto tulijua kwamba wanajua. Haikusemwa mpaka leo, na utafiti huu umeanzia katika kimya kile kuliko katika kitabu chochote.

Kimya hicho kina sababu. Mafundisho ya Kiislamu na ya Kikristo huhesabu kujiua kuwa dhambi, na familia huhofia marehemu kunyimwa mazishi ya heshima. Magazeti nayo hayasaidii yanapotaja katika kichwa cha habari namna mtu alivyokufa, jambo ambalo miongozo ya Shirika la Afya Duniani inawataka wanahabari waliepuke. Wapo pia wanaoamini kwamba kumuuliza mtu waziwazi kama anafikiria kujiua ni kumpandikizia wazo. Mapitio ya tafiti hayaungi mkono hofu hiyo: kuulizwa hakuongezi hatari, na kwa baadhi huleta nafuu.

5.0 Kifungu cha 217

Kizuizi kizito zaidi kimo katika sheria. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinamfanya mtu anayejaribu kujiua kuwa mkosaji wa jinai. Kifungu hiki kilitokana na sheria za wakoloni Waingereza. Uingereza yenyewe iliacha kumshtaki mtu kwa kosa hili kupitia sheria ya mwaka 1961, mwezi Agosti, miezi minne kabla ya bendera ya Tanganyika kupandishwa. Tulirithi kilichokwisha kutupwa. Ghana ilikifuta kifungu kama hicho mwaka 2023. Nchini Kenya, tarehe 9 Januari 2025, Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya nchi hiyo kinakiuka Katiba.

Huenda ikajibiwa kwamba mashtaka ya namna hii ni machache. Hata yakiwa machache, kifungu hufanya kazi kabla ya mahakama. Mtu aliyejeruhiwa anapofikishwa hospitali, huhitajika fomu ya polisi namba 3, maarufu kama PF3, na ndugu waliomleta wanajua kwamba maelezo watakayoyatoa yanaandikwa na askari. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inamtazama mtu huyohuyo kama mgonjwa anayestahili matibabu. Ndugu hawana muda wa kupima ni sheria ipi itamfikia kwanza. Watasema aliteleza, au alikosea chupa.

Hapa ndipo takwimu inapozaliwa. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa hutenganisha jeraha na nia: upande mmoja huandikwa mwili umepatwa na nini, na upande mwingine kama ni ajali, shambulio au kujidhuru. Katika rejesta ya MTUHA mganga anaweza kuandika jeraha na kuliacha suala la nia bila kusema uongo wowote. Akifanya hivyo amemkinga mgonjwa wake dhidi ya kifungu cha 217. Papo hapo amefuta sababu ya kumuuliza kuhusu mawazo, usingizi na pombe, na sababu ya kumpa tarehe ya kurudi. Mgonjwa hutoka wodini akiwa ametibiwa jeraha. Jaribio la awali la kujiua, ambalo tafiti nyingi hulihesabu kuwa kihatarishi kikubwa kuliko sonona na pombe zenyewe, halimo katika faili lake, na zahanati ya kijijini kwake itakapompokea tena itaanza naye upya kama mtu aliyewahi kuteleza.